Je, Wajua? Kutu, Matope na Magari ya Mlimani

Je, wajua kwamba chimbuko la Safari Rally linaweza kufuatiliwa hadi juu ya mti, mwendo mfupi kutoka mjini Nyeri? Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alilala katika hoteli ya mtini ya Treetops, ndani ya msitu wa Aberdare. Usiku huohuo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza. Habari zilimkuta binti Sagana Lodge, upande wa Kiganjo. Alipokaribia kutawazwa mwaka uliofuata, wapenda magari wa Kenya walitafuta namna yao ya kusherehekea, wakaamua kukimbiza magari siku kadhaa mfululizo kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbio ziliondoka tarehe 27 Mei 1953 zikiitwa Coronation Safari. Jina lilibadilika baadaye. Matope hayakubadilika.

Je, wajua kwamba miaka ile ya mwanzo magari yalipangwa kwa bei ya dukani badala ya ukubwa wa injini? Gari la mbio lilitakiwa kuwa lilelile ambalo mkulima wa Nanyuki angeuziwa Nairobi. Mwenye hela ndogo alitaka kujua, kati ya magari ya hela ndogo, ni lipi litafika, na jibu alipewa na barabara yenyewe. Volkswagen Beetle, kigari kisicho na radieta wala maji ya kuchemka, kilishinda 1954, 1957 na 1962. Tangazo gani la gazeti lingeshindana na hilo?

Je, wajua kwamba mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7? Safari ilifanyika wikendi ya Pasaka, wakati mvua za masika zinapoanza kushika kasi. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, na msomaji wake wa njia Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikawa kali vilevile, yakamaliza 7 tena, na aliyeshinda ni Nowicki yuleyule na Cliff yuleyule, tena ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa 404 pia. Ushindi mara nne ndani ya miaka sita. Mtu wa Mlima Kenya aliyekuwa anaangalia hayo akiwa na pesa za kahawa mfukoni hakuhitaji kushauriwa zaidi.

Ndivyo Peugeot, au Pijo kwa lugha ya mitaani, ilivyoingia nyumbani. 404 ilifuatwa na 504, iliyozinduliwa mwaka 1968 na kushinda Safari mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, kisha 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Je, wajua kwamba pikapu za 504 ziliendelea kuunganishwa Mombasa hadi mwaka 2004, wakati Ufaransa kwenyewe aina hiyo ilikuwa kumbukumbu? Siri ya 504 haikuwa nguvu. Springi zake zilikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kwa hiyo gurudumu liliingia shimoni na kutoka bila bodi kusikia habari zote. Injini yake fundi aliweza kuifungua chini ya mti. Ile ya stesheni wagoni ndiyo iliyobeba abiria kati ya Nyeri na Nairobi kwa mwendo ambao wazee wa leo huusimulia kwa fahari, ingawa wakati ule walikuwa wanaomba kimyakimya.

Kwa maoni yangu, Pijo haikuuawa na barabara. Iliuawa na usukani. Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, kwa hiyo mitumba ya Ufaransa haikuwa na njia ya kuja. Japani huendesha upande wetu. Milango ya mitumba ilipofunguliwa, mchezo ulikuwa umekwisha kabla hata hujalinganisha springi.

Je, wajua kwamba mtaa wa Nairobi ambako vipuri vya karibu kila gari la Mlima Kenya hutoka una jina la mlima wenyewe? Kirinyaga Road. Zamani uliitwa Grogan Road, kwa jina la mlowezi Ewart Grogan, na mafundi wengi bado husema tu “Grogan”. Ukiwa Karatina na bushi za gari lako zimekwisha, zinaagizwa asubuhi na kupanda matatu kabla ya saa sita. Hapo ndipo mabishano mengi ya “gari lipi ni imara” yanapotakiwa kuishia. Gari linalovunjika mara mbili kwa mwaka lakini kipuri chake kinapatikana siku ileile ni imara kuliko linalovunjika mara moja na kusubiri meli.

Kuhusu Probox sasa. Nakiri upendeleo.

Je, wajua kwamba Toyota Probox, iliyozinduliwa mwaka 2002, ilitengenezwa kwa ajili ya makampuni ya Kijapani kubebea mizigo ya kazi? Ndiyo sababu ndani kuna kimeza cha kuandikia risiti na plastiki ngumu isiyoogopa viatu. Hakuna aliyeitengeneza akifikiria gunia la viazi la Kieni, wala abiria tisa kutoka Othaya, wala miraa ya Maua inayokimbizwa Nairobi kabla haijanyauka. Miraa hupoteza nguvu yake ndani ya siku mbili hivi tangu kuchumwa, kwa hiyo dereva wake hana saa ya kupoteza kuzunguka shimo.

Je, wajua maandishi ya Kijapani yaliyo kwenye mlango wa nyuma wa Probox nyingi yanasema nini? Yanataja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kubebwa. Sheria ya Japani inataka kila gari la mizigo liandikwe hivyo nyuma. Kwa Probox ya kwanza ni kilo 400 ikiwa na watu wawili tu mbele. Kwa hiyo kila Probox inayopanda kutoka Sagana ikiwa imeinua pua juu na kufagia lami kwa bampa la nyuma imebeba shtaka lake lenyewe, lililoandikwa wazi, mbele ya askari asiyesoma Kijapani.

Na je, wajua kwamba Probox ya kwanza haiwezi tena kuingia nchini? Kenya inakataa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Toyota ilibadilisha muundo wa Probox mwaka 2014. Zile za zamani unazoziona Chuka na Kerugoya ndizo zilizobaki, na hazitaongezeka. Mpya zina giaboksi ya CVT, ya kujibadilisha yenyewe, ambayo madereva wa huku bado wanaiangalia kwa jicho la mtu aliyeletewa mkwe asiyezungumza. Ndiyo maana ya zamani yenye gia za mkono, hata ikiwa imeshaliwa na miaka, bei yake haishuki inavyotarajiwa.

Jambo dogo: herufi za namba ya usajili hazisemi umri wa gari. KDA zilianza kutolewa mwaka 2020, lakini gari lenye KDA linaweza kuwa liliundwa miaka saba kabla ya hapo. Mtu huringa na namba; gari linajua siku yake ya kuzaliwa.

Je, wajua yule mwanamke wa Kijapani anayezungumza kila asubuhi unapowasha gari anataka nini? Mara nyingi anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Amekuwa akilalamika hivyo Nyeri, Embu na Meru kwa miaka, na hakuna aliyemletea kadi. Na redio? Japani hutumia mawimbi ya FM kuanzia 76, na redio nyingi za magari yao ziliishia 90. Kameme, inayosikika Nairobi kwenye 101.1, iko nje kabisa ya ukuta huo, na ndiyo sababu fundi wa redio ni mtu wa pili kuliona gari baada ya wakala wa bandarini.

Tuje kwenye kutu.

Je, wajua kwamba udongo mwekundu wa Nyeri ni mwekundu kwa sababu ya kutu? Miamba ya volkeno ya mlima ina madini ya chuma. Kwa maelfu ya miaka, mvua na hewa vimeyageuza kuwa oksidi za chuma, jamii moja na ile inayotafuna milango ya gari lako. Yale matope yaliyogandama kwenye madigadi ni chuma kilichokwisha kuoza kabla babu yako hajazaliwa. Hata hivyo si rangi yake inayoharibu gari. Ni maji ambayo udongo ule unayashika. Chuma kinahitaji maji na hewa ili kishike kutu, na bonge la matope lililojificha nyuma ya gurudumu hubaki bichi siku kadhaa baada ya barabara kukauka. Gari linang'aa juu, huku chini linaliwa.

Je, wajua kwamba chini ya kila mlango wa gari kuna vitundu vya kutolea maji? Vinazibwa na matope na vumbi, maji ya mvua yanayopita kwenye mpira wa dirisha yanajaa ndani, na mlango unaoza kuanzia ndani kwenda nje. Ukiona malengelenge madogo ya rangi kwenye ukingo wa chini, kazi imeshafanyika zamani. Njiti ya kiberiti inatosha kuvizibua. Sijui kwa nini waosha magari hawalifanyi hili kabla ya kupaka tairi nyeusi ile ya kung'aa.

Lakini adui mkubwa hatoki hapa. Je, wajua kwamba magari mengi ya mlimani yenye kutu mbaya yalikuja nayo kutoka ng'ambo? Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido na Tohoku, theluji huanguka kwa miezi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ikichanganyika na maji huyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu, kwa undani wake, ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Sasa angalia mtego ulipo. Mtu wa Nyeri anayeishi juu karibu na msitu anataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Nani mwingine duniani hununua magari ya namna hiyo kwa wingi? Mtu wa Hokkaido. Kwa hiyo anayetafuta gari la kumvusha kwenye matope ndiye aliye karibu zaidi na kuletewa gari lililoogeshwa chumvi.

Dawa ipo kwenye karatasi ya mnada. Mnada wa Kijapani huchora gari na kuandika kasoro kwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipopigwa rangi upya kwa mawimbi. S ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Wakala akikutumia picha za taa na viti vya ngozi, mwombe karatasi hiyo. Akikutumia picha nyingine ya viti, umeshapata jibu.

Na gari la kununua Mombasa? Upepo wa baharini hubeba chumvi yake bila kungoja theluji. Piga magoti uangalie chesisi kabla hujaangalia kilomita.

Je, wajua kwamba desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari inasaidia upande mmoja na kuua upande mwingine? Oili kweli huzuia maji yasifike kwenye chuma. Lakini bushi nyingi zina mpira wa asili, na mpira wa asili ukinywa oili huvimba na kulainika. Unaokoa chesisi, halafu mwezi wa tatu unaagiza bushi Kirinyaga Road. Oili hiyohiyo ikidondoka shambani, ni hadithi nyingine tena, hasa ukiwa juu ya mto ambao watu wa chini wanakunywa.

Je, wajua kwamba Porsche ndiyo iliyotangulia kufunika bodi nzima ya 911 kwa zinki, katikati ya miaka ya 1970, kwa kanuni ileile inayolinda mabati ya nyumba yako? Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Pamoja na hayo, Porsche haikuwahi kushinda Safari Rally ya ubingwa wa dunia. Ilifika ya pili 1974 na 1978. Lancia kwa upande wake ilipata aibu kubwa Uingereza mwaka 1980, ilipolazimika kuyanunua tena magari ya aina ya Beta kwa sababu ya kutu. Miaka minane baadaye Miki Biasion akaishindia Lancia Safari Rally. Mwenye kutaka kanuni moja ya kupima ubora wa gari atapata taabu hapa.

Kuhusu barabara. Je, wajua kwamba mawimbi yale ya barabara ya vumbi, yanayotikisa meno mpaka unasahau ulikokuwa unaenda, hayasababishwi na shoki mbovu wala malori peke yake? Mwaka 2007 wanafizikia walichapisha matokeo ya jaribio la gurudumu moja jepesi lililozungushwa juu ya mchanga. Mawimbi yalijitokeza yenyewe kila gurudumu lilipopita mwendo fulani. Chini ya mwendo huo, mchanga ulibaki tambarare. Greda ikipita leo, magari yenyewe yataanza kuyachonga mawimbi upya kesho, labda wote tukubaliane kwenda polepole sana. Waliopita Isiolo hadi Moyale kabla ya lami wanajua kwamba hatutakubaliana.

Je, wajua kwamba mlima una udongo wa aina mbili na kila mmoja una madereva wake? Ule mwekundu wa migongo ya Mathira na Othaya huteleza mvua ikinyesha, lakini chini yake mna ugumu. Ukiwa na tairi zenye meno na mkono mtulivu, unatoka. Ule mweusi wa Mwea na wa tambarare za Laikipia una mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa pana ukikauka. Huo haukutelezeshi, unakumeza. Mpunga wa Mwea unaupenda kwa sababu hauachi maji yapotee. Gari linauchukia kwa sababu hiyohiyo.

Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu 1,950. Je, wajua kwamba injini isiyo na taabo (turbo) hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda? Gari lililoondoka Mombasa likiwa zima linafika Nyeri likiwa limeacha njiani kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Taabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na hapo vijana wa Subaru wana hoja. Sijasema wana hoja nyingine.

Maji nayo huchemka hapa kwenye digrii 94 hivi, badala ya 100 za pwani. Kifuniko cha radieta ndicho kinachobana mvuke na kuyafanya yavumilie hadi zaidi ya digrii 110. Mpira wa kifuniko hicho ukichakaa, yanarudi kuchemka mapema, na fundi mwenye haraka anakuambia ni gasketi. Badilisha kifuniko kwanza. Ni kitu cha bei ndogo.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani? Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye digrii 205; ikishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinashuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu breki huweza kupita joto hilo. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusikia chochote. Kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, kabla ya daraja la Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa, hili halihitaji mifano. Gia nzito kabla ya mteremko kuanza, na mafuta mapya ya breki kila baada ya miaka miwili. Mlima una unyevu mwingi, usingoje.

Tukiwa kwenye usalama: je, wajua kwamba waziri aliyefunga matatu zote za Kenya mikanda na kuzizuia kupita kilomita 80 kwa saa alikuwa mbunge wa Kangema, Murang'a? John Michuki. Sheria zake zilianza kazi tarehe 1 Februari 2004, na bado watu huziita kwa jina lake.

Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alikuwa amezawadiwa Rolls-Royce na maskauti wa dunia mwaka 1929, kwa michango ya senti ndogondogo. Waliipa jina Jam Roll. Ilibaki Uingereza. Kwa hali ya barabara za Nyeri wakati ule, huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Je, wajua kwamba Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari ya 1965 kwa mtumba? Volvo PV544 yake ilikuwa gari la timu ya kiwanda iliyoshindwa mwaka uliotangulia. Yeye na ndugu yake Jaswant waliifungua, wakaifunga upya, wakaondoka nambari moja na kufika nambari moja. Na mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari ndani ya Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sisi 658, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Dereva mwenzake Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo, akaenda nayo kasi ya ajabu, ikavunjika. Njiru aliijua barabara.

Mwisho, ukienda kununua gari, beba sumaku ndogo, ile ya mlango wa friji. Ipitishe juu ya madigadi na chini ya milango. Ikishika, pana chuma. Ikidondoka, pana fila, na chini ya fila pana tundu ambalo muuzaji hakulitaja. Lakini usiende nayo kwa mwenye Land Rover ya zamani. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha bodi baada ya vita, kwa hiyo gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948 lilivalishwa aloi ya alumini, na sumaku haitashika paneli zake nyingi. Kwa Land Rover, lala chini uigonge chesisi kwa bisibisi, maana hiyo ni chuma na inaoza kama ya mtu mwingine yeyote. Mwenyewe atakasirika. Endelea kugonga.